Aliyeitikia Kutoka Barabarani

Murara, Goma
17 Machi 2025

Shemeji Onésime,

Sijui barua hii itakukuta shambani au kitandani, ila ikukute mzima. Sisi huku tunahema. Benki zimefungwa, ndege hazitui, lakini chai ipo, na kikundi chetu kinakutana bado kila Jumamosi nyuma ya parokia kusoma habari za Wajapani, Wachina na Wakorea. Jirani yangu Joviale anatucheka. "Mabomu yameanguka pale kwa kona, na ninyi munasoma namna Bakorea banaishi?" Nikamjibu kwamba na wao walipigwa mabomu, tunataka kujua walikula nini kesho yake.

Yaya Buhendwa, mkubwa wangu wa kuzaliwa, ametuma vitabu vipya kutoka Guangzhou, amevificha katikati ya viatu vyake vya biashara, vikapitia Kigali. Kimoja ni utafiti wa Wakorea juu ya wazee wanaoishi peke yao ghorofani. Cha pili ni cha Wajapani, juu ya watu wanaotoka nyumbani asubuhi kama kawaida na hawarudi tena, wanakwenda kuishi mji mwingine kwa jina jingine. Cha tatu kinahusu familia za Kichina zilizopoteza mtu bila kuiona maiti. Nimevikata vyote mgongoni kwa wembe kama desturi yetu, sura moja moja, ili kitabu kimoja kiweze kusomwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Wewe nakutumia sura ya nne ya hicho cha Wachina. Ya tano iko kwangu, nitaisoma nikimaliza Wajapani.

Mama Pascasie atakufikishia pamoja na chumvi na sabuni zake, na akirudi na maharage ataniletea jibu lako. Tangu antena ya simu ya Kalengera ichomwe nimerudi kuzoea kalamu, na nakiri naipenda. Kwenye simu ungesikia sauti yangu ukajua.

Ukajua nini? Kwamba ukurasa mmoja wa Wajapani nimeusoma kupita kiasi. Mtafiti anasema baadhi ya hao waliotoweka hurudi baada ya miaka, wakasimama ng'ambo ya barabara na kuitazama nyumba yao. Habiyaremye alikuacha wewe na mama yenu Athanasie njiani Oktoba ile ya 2022 mlipokimbia vita, akarudi kuwachukua mbuzi, asionekane tena. Wewe umepoteza mdogo wako, mimi mchumba wangu. Lakini siku hizi nikitoka sokoni huwa naangalia ng'ambo ya barabara kwanza.

Msalimie Mama.

Léonie Nshobole


Kalengera
30 Machi 2025

Shemeji Léonie,

Nimeipokea sura ya nne ikinuka sabuni. Mimi niliyekuwa msaidizi wa sosholojia chuoni, leo profesa wa maharage, nimeisoma nikiwa nimesimama shambani, na palizi ikanisubiri.

Nikueleze kwa ufupi ili uwasomee wenzetu Jumamosi. Katika vijiji alivyovitembelea mtafiti huyo, mtu akipotea bila maiti, ndugu yake wa kiume huchukua nguo aliyowahi kuivaa, akapanda juu ya paa, akatazama kaskazini na kuliita jina lake mara tatu. Roho ikisikia hurudi, ikaingia katika nguo. Nguo ndiyo wanayoizika. Baada ya hapo watu wanalia, wanakula, na maisha yanaendelea.

Sasa sikia. Kwao Mama, huko milimani walikotoka wazee wake, aliyepotea huzikwa kwa shina la mgomba. Hukatwa kwa urefu wa mtu, hufungwa katika mkeka, huzikwa kimyakimya, na jina halitajwi. Ndipo matanga yanaondolewa. Bila hivyo hakuna kunyoa, hakuna kufurahi, na mchumba wake hawezi kuolewa na mwingine. Wachina na mama yangu hawajawahi kuonana, na wote wamefikia jambo lilelile!

Ningependa nimalizie hapo kama msomi. Lakini Mama anazidiwa, Léonie. Kila jioni anapakua sahani ya Habiyaremye na kuiweka karibu na mlango. Asubuhi ugali uko vilevile. Mbwa wetu, ambaye hajawahi kukataa hata ganda la ndizi, anaipita sahani ile kwa mbali, mkia chini. Mama anasema mwanawe yuko kati ya milango miwili na hakuna anayemfungulia. Anataka tuzike mgomba kabla ya Pasaka. Ila amesema hatafanya bila wewe, kwa sababu wewe ndiye atakayefunguliwa.

Unaturuhusu?

Shemeji yako,
Onésime


Murara
8 Aprili 2025

Shemeji,

Nilikasirika siku mbili nzima. Nilimkasirikia mama yako, nikakukasirikia wewe na Wachina wako. Kisha nikakumbuka mwaka ule wa kwanza nilivyozunguka kambi zote za wakimbizi, Mugunga, Kanyaruchinya, kila hema, nikionyesha picha yake mpaka ikachanika, na nikakumbuka kwamba tangu kambi zilipobomolewa Februari sijatafuta tena. Nimechoka. Mtu aliyechoka asimzuie mwenzake kulia.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu lake lipo. Hili ni shati lake la bluu, aliniachia nimshonee kola. Nilishona kwa uzi mwekundu kwa sababu sikuwa na mwingine, akasema atalivaa hivyohivyo ili watu wajue ana mtu wa kumshonea. Lifungeni na mgomba.

Fanyeni. Na wewe usichanganye mambo ya kitabu na ya Mama, nakujua.

Sura ya tano bado sijaifungua. Wajapani hawajaniachia.

Léonie


Kalengera
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Léonie,

Nilichanganya.

Mgomba ulikuwa umelala uani, umefungwa mkeka, siku ya Matawi, watu wametoka misa na matawi yao bado mikononi. Nilikuwa nimelishika shati. Nikaona si haki lizikwe bila kuitwa. Baba mdogo Habarurema alinishika mkono. "Mutu hatujaona maiti yake, hatumuite saa ya magaribi. Ule mugomba unatosha." Nikamwambia hayo yameandikwa na watu waliofanya utafiti. Nikapanda juu ya bati na shati, nikatazama kaskazini, jua likizama, nikaita.

Mara ya kwanza nikaona haya. Mara ya pili nililia. Mara ya tatu mtu akaitikia kutoka barabarani.

"Karame!"

Unajua ndivyo mtoto wa kwetu anavyomwitikia mkubwa wake. Si mimi peke yangu niliyesikia; uani wote walisikia, na Mama akaangusha tawi lake. Vijana wakakimbilia barabarani. Hapakuwa na mtu. Lori moja lilikuwa limepita zamani, na vumbi lilikuwa limeshatua. Tukazika upesi, mgomba na shati juu yake, tukapanga mawe ya volkano, watu wakaenda bila kunywa kile kidogo tulichowaandalia.

Kesho yake asubuhi Mama alifungua mlango akamkuta mwanamume ameketi pembeni ya sahani. Amekonda, ndevu zimemjaa, miguu imepasuka. Alisema, "Mumeniita," na hakusema jingine. Mama alimwosha miguu. Akampa sahani, akala yote.

Ni yeye? Urefu ni wake. Macho siyajui, na kovu lake la shingoni halionekani; Mama anasema limefifia. Miaka zaidi ya miwili ya porini inaweza kumbadilisha mtu hata mama yake asimtambue, ila mama yake anasema anamtambua, mimi ndiye sina uhakika. Hakumbuki jina la shule aliyofundisha. Ukimwita mara moja hageuki, wala mara ya pili. Ya tatu anaitika. Barabara imejaa watu wanaorudi makwao tangu kambi zibomolewe, na wengi hawana tena kwao, hilo nalijua. Ningeamini ni mmoja wao aliyesikia jina likiitwa na hana wa kumwita. Ningeamini kabisa.

Lakini alikuja amevaa lile shati tulilolizika.

Onésime


Murara
25 Aprili 2025

Onésime,

Msimfukuze, msimuulize maswali. Nakuja na Mama Pascasie Jumatano, nimempa neno. Mwambie Mama aniwekee mahali pa kulala karibu naye.

Uzi wa kola ni wa rangi gani? Hapana, usinijibu. Nitauona mwenyewe.

L.


Kalengera
12 Mei 2025

Shemeji Léonie,

Ulikuja, ulilala kwetu, uliondoka, na hukusema kitu. Ulimbeba Mama mkononi kama yai. Mimi ulinipa mkono kama mtu wa ofisini. Tangu hapo Mama Pascasie amepita tena na tena bila barua yako.

Nilikuwa mlangoni ulipomwendea yule mwanamume. Nilikuona ukimwita, mara moja, mbili, tatu, na akaitika. Ukaishika kola. Yeye akainama akakuambia neno sikioni, nawe ukakaa chini palepale kwenye majivu ya meko. Alikuambia nini, Léonie?

Nikueleze hali ya hapa. Baba wadogo wamegawanyika. Habarurema anasema kilichoketi kwetu si mtu, ni kitu nilichokiita mimi kwa ujinga wangu wa vitabu. Wengine wanasema ni mwizi wa makaburi. Nikawaambia twende tukaangalie. Mawe yamekaa vilevile tulivyoyapanga, Léonie, na katikati yake majani yameanza kuota. Hakuna aliyechimba. Hakuna aliyethubutu kuchimba pia.

Yeye hafanyi ubaya wowote. Anachota maji, anapalilia maharage pamoja nami, hachoki wala hasemi. Mama ananenepa. Anaimba akipika, jambo ambalo nilidhani limekufa. Mbwa ndiye amehamia kwa jirani.

Wazee wameamua hivi. Mama ana macho ya mama, hayaaminiki. Mimi nina macho ya aliyeita. Aliyebaki ni wewe, uliyemjua mwanamume huyu kwa namna yako na huna shamba la kurithi hapa. Ukisema ndiye, watachinja mbuzi na kuufukua mgomba, atakuwa Habiyaremye mbele ya watu, nawe utakuja kuwa mke wake. Ukisema siye, watamtoa kijijini kwa fimbo. Hatafika mbali na miguu ile. Na Mama akiona anapigwa, sitakuwa na mama tena. Wanasubiri neno lako mpaka Pentekoste.

Na tafadhali nitumie ile sura ya tano. Sura ya nne inaishia nguo ikizikwa. Nataka kujua kitabu kinasema nini juu ya sauti inayoitikia. Nimelala vibaya, nakosa hata kuomba vizuri. Kama kuna kosa nililofanya juu ya paa lile, nataka nilisome kwa macho yangu.

Onésime


Murara
3 Juni 2025

Yaya Buhendwa,

Nakupigia picha karatasi hizi kwa simu, uzisome ukiwa umekaa. Wewe uko Guangzhou, huna wa kumwambia hapa kwetu, ndiyo maana nakuandikia.

Yule mwanamume wa Kalengera si Habiyaremye. Nilijua kabla hajanigeukia. Habiyaremye alikuwa na kovu la kuungua shingoni, chini ya sikio, alimwagikiwa na maji ya betri utotoni. Huyu shingo yake ni safi. Masikio si yake, mikono si yake. Ni mume wa mwanamke mwingine mahali fulani, au alikuwa.

Lakini kola ina uzi wangu mwekundu. Pale nilipokosea, nikarudia mishono juu ya mingine, pamevimba vilevile. Nilikuwa bado nimeishika aliponiinamia. Alisema, "Ulichelewa kunitafuta, Léo. Nilikuwa hapo karibu."

Léo. Ni mtu mmoja tu duniani aliyeniita hivyo, na aliniita hivyo tukiwa wawili tu. Hata wewe hulijui jina hilo. Mama yake halijui.

Nilirudi Goma nikafungua sura ya tano. Ilikuwa chini ya mto wangu tangu Machi, Yaya, mimi niliyeikata kwa wembe wangu mwenyewe. Nilikuwa nikiwasoma Wajapani na watu wao wanaosimama ng'ambo ya barabara. Ukurasa wa kwanza kabisa wa sura ile, mtafiti anaandika kwamba wazee wa vijiji vile wanakataza kumwita juu ya paa mtu ambaye hakuna aliyeshuhudia kifo chake. Kama bado anapumua mahali, wanasema, roho itasikia na kuinuka, nayo itauacha mwili palepale ulipo. Ikifika na kukosa mwili wake, inaingia popote penye nafasi.

Nilijiambia haya ni mambo ya Wachina. Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Mugunga.

Kambi haipo tena, kuna mawe meusi na alama za mahema. Lakini pale nyuma ya kanisa dogo kuna darasa ambamo waliwaacha wagonjwa wasioweza kutembea, na katekista mzee, Barthélemy, aliwatunza. Nilimuuliza kama amepata kumwona mwanamume mrefu mwenye kovu la kuungua shingoni. Aliniangalia akavua kofia.

"Mama, mbona haukukuya mbele ya leo?"

Akanieleza tukiwa tumeketi juu ya benchi la wanafunzi. Nakuandikia alivyosema.

"Banamuleta mwezi wa pili, kutoka njia ya Sake. Alikuwa ametoka mu pori, sijue watu wa bunduki walimubebesha mizigo miaka mingapi. Hakusema hata jina. Tulikuwa tunamupa uji na kijiko, na alikuwa anapata nguvu kidogo kidogo, mama, sikudanganye, alikuwa anapona. Siku ya Matawi, jua inazama, akaamuka yeye mwenyewe. Akaangalia kule kaskazini, upande wa Rutshuru. Akasema: Karame. Mimi nikafurahi, nikafikiri anaanza kusema. Akanigeukia, akasema: Muzee, Onésime ananiita ku nyumba, niko naenda. Akalala tena. Nilienda kumuletea maji. Kurudi, nikakuta ameisha enda."

Alinionyesha kaburi. Ni mawe tu na msalaba wa ubao wa sanduku, na juu ya msalaba hakuna jina, kwa kuwa hawakulijua. Nilimwambia jina, akaliandika kwa makaa mbele yangu.

Tangu Februari alikuwa Mugunga, Yaya. Kutoka Murara hadi pale ni safari moja ya pikipiki. Mimi niliacha kutafuta mwezi uleule walipomleta. Alikuwa anapona, na tukamwita akafa. Nalia ninapoandika, na nina hasira mpaka meno yanauma. Nimemkasirikia hata yeye kwa kuitika. Kwa nini aitike kwa haraka namna ile? Kwa sababu aliyemwita ni kaka yake, na kwao mtoto hamwachi mkubwa aite bure.

Onésime ananiomba sura ya tano. Wazee wanasubiri niseme ndiye au siye. Nikisema ukweli, Onésime atajua alimuua mdogo wake kwa mdomo wake mwenyewe, na yule maskini atapigwa fimbo, na Mama atawazika wawili badala ya mmoja. Nikinyamaza, mume wangu atalala Mugunga bila mtu wake mmoja kumlilia.

Nifanye nini? Nijibu upesi, Pentekoste ni Jumapili.

Mdogo wako,
Nshobole


Guangzhou
5 Juni 2025

Mudogo wangu Nshobole,

Nimefunga duka mchana kusoma, na mimi duka silifungi hata nikiwa na homa.

Pole. Pole sana. Habiyaremye alinipigia simu kuniomba ruhusa ya kukuoa kabla hajamwomba baba, kwa sababu alisema mimi ndiye mkali. Nilimtesa kidogo nikakubali. Nimemlilia leo kati ya maboksi ya viatu.

Sasa nisikilize kama mfanyabiashara. Mutu mgonjwa alikufa jioni moja. Siku hiyohiyo mutu mwingine mwenye njaa alipita Kalengera, akasikia jina, akaitika, akajificha. Watu waliposinzia akafukua shati, akarudisha mawe vizuri. Mwenye baridi ana akili nyingi. Jina la Léo ni rahisi kubahatisha. Kila jambo lina maelezo yake, ukiyatazama moja moja.

Ila nitakuambia na hili, nisije nikakuficha. Mwenye duka la jirani ni mama mzee kutoka mashambani, tumezoeana, ananifundisha lugha yao na mimi namuuzia kandambili kwa bei ya hasara. Nilimsimulia kama hadithi ya kwetu. Aliacha kula. Akaniuliza kama yule aliyekuja ameshaambiwa kwamba mwili wake umezikwa kwingine. Nikasema bado. Akasema, basi asiambiwe. Akishajua hana pa kurudi, ataondoka, na hataondoka peke yake. Halafu akanunua ubani akauchoma mlangoni kwangu, bila kunidai.

Mimi ningesema ukweli. Ukweli ni mchungu lakini hauui. Hivyo ndivyo ninavyosema nikiwa na mwanga. Sasa hivi jua linazama huku na sijui tena.

Amua wewe, ndiye uliyempoteza. Vitabu sitatuma tena kwa muda.

Yaya wako,
Buhendwa


Murara
Mkesha wa Pentekoste, 7 Juni 2025

Shemeji Onésime,

Samahani kwa kukaa kimya. Nilikuwa na jambo la kulimaliza na sasa nimelimaliza, kwa hiyo naandika kwa moyo mweupe. Mama Pascasie atakufikishia kabla ya misa ya kesho; uwasomee wazee barua hii yote, hata pale isipokupendeza.

Ndiye. Nilimtambua siku ileile. Aliniita kwa jina ambalo ni yeye tu anayelijua, na hilo ndilo aliloniambia sikioni. Kola ina uzi wangu. Ukimwona ni mgeni machoni pako, kumbuka alikotoka. Siyo mwili wote unaorudi sawa. Mzee Habarurema asimwogope. Chinjeni mbuzi, ufukueni mgomba. Mpeni shamba lake. Akisahau jambo msimkumbushe kwa nguvu, na msimuulize alikuwa wapi. Hilo ni la maana kuliko yote. Asiulizwe kamwe alikuwa wapi.

Sura ya tano haina kitu kwa ajili yako. Ni takwimu na majedwali, mvua iliilowesha dirishani nikawashia nayo mkaa. Hukufanya kosa juu ya paa. Ulimwita mdogo wako na mdogo wako akaja, ni wangapi hapa Kivu wanaoweza kusema hivyo? Lala, shemeji. Omba vizuri.

Sasa la pili. Mimi sitakuja kuwa mke wake. Utashangaa, na Mama atalia, na wanawake wa Kalengera watanitaja kisimani. Waambie nilichoka kusubiri. Waambie kuna mtu wa kabila langu, Mushi wa Bukavu, anaitwa Akonkwa, ana kazi na nyumba, nami nikamkubali nikidhani Habiyaremye amekufa, na neno langu siwezi kulirudisha. Waambie wasichana wa Goma ndivyo tulivyo. Mama akinilaani mwache anilaani, usinitetee. Kulaani kunampa mtu nguvu, na yeye anazihitaji.

Ukiniona barabarani nimevaa nguo nyeusi, usiulize. Ni shangazi yangu wa Bukavu, amefariki ghafla.

Kikundi kinaendelea Jumamosi, lakini wewe usitumiwe tena. Lima maharage. Mwimbishe Mama.

Jioni hii nimepita Mugunga kwa mtu ninayemfahamu nikampelekea maua, na sikumwita, nilikaa tu karibu naye mpaka baridi iliponiondoa. Kesho ni sikukuu, mtakuwa na furaha huko, na hivyo ndivyo nilivyotaka. Mwambie Mama nimemtambua mwanawe. Aliyebadilika ni mimi.

Léonie